Kansa ya utumbo mpana kwenye ukoo: uanze wapi, apimwe nani kwanza, na majibu yakija ufanye nini

Kama kwenye ukoo wenu kansa ya utumbo mpana imeshachukua watu wawili watatu, au imempata ndugu mmoja akiwa bado kijana, hii naiandika kwa ajili yako na naomba uisome taratibu, maana mpangilio wake una maana kubwa. Watu wengi wakishtuka wanakimbilia kujipima wao wenyewe, mtu anaagiza kipimo cha mate mtandaoni, analipa hela, jibu linakuja "hakuna kitu", analala usingizi mzito, kumbe hatari ipo palepale. Mambo ya jeni yana foleni yake: unaanza na habari za ukoo, unakuja kwenye uvimbe wa yule aliyeumwa, alafu damu yake, ndo wanafuata wazima. Ukiruka foleni unapata jibu ambalo hata daktari hawezi kulisoma vizuri.

Na nisikutishe bure. Kansa nyingi za utumbo mpana hazitokani na jeni moja ya kurithi. Kati ya wagonjwa 100, kama 5 hadi 10 hivi ndo wanakutwa na jeni yenye kasoro kubwa inayojulikana. Wapo wengine wengi ambao wana ndugu aliyeugua lakini ukipima huoni jeni moja ya kuinyooshea kidole, kwao ni mchanganyiko wa jeni nyingi ndogondogo pamoja na maisha ambayo watu wa nyumba moja wanaishi kwa pamoja. Ila kwa wanaougua mapema, chini ya miaka 50, hesabu inapanda: utafiti uliofanyika jimbo la Ohio, Marekani, ukachapishwa 2017, ulikuta karibu mgonjwa mmoja kati ya sita wa umri huo ana jeni ya kurithi. Sasa hiyo sio namba ya kupuuza.

Hatua ya kwanza: andika ukoo wako kwenye karatasi

Chukua karatasi kubwa au hata daftari, weka jina lako katikati, chini watoto wako, pembeni ndugu zako, juu baba na mama, juu yao babu na bibi wa pande zote mbili, alafu pembeni ya baba na mama waweke ndugu zao wote. Upande wa baba na wa mama usiuchanganye, kila mmoja ukae peke yake, kwa sababu kansa tatu zilizo upande mmoja zina uzito tofauti kabisa na kansa moja moja zilizotawanyika huku na huku. Na usiache upande wa baba eti kwa sababu wewe ni mwanamke, au upande wa mama kwa sababu wewe ni mwanaume, hizi jeni zinarithiwa sawasawa na mtoto wa kike na wa kiume.

Hakikisha undugu wenyewe. Sisi tunaita watu wengi kaka, dada, baba mdogo, bibi, na kwa heshima iko vizuri, lakini hapa lazima uulize: huyu na baba wamezaliwa mama mmoja baba mmoja? Huyu bibi ndo aliyemzaa mama au ni mdogo wake bibi? Waliochangia baba tu au mama tu waandike hivyohivyo. Na wazima nao waandike, pamoja na umri wao, maana watu kumi waliofika miaka 80 bila kansa nao wanasema kitu.

Kwa kila aliyeugua unatafuta vitu vinne: kansa ilianzia wapi, aligundulika akiwa na miaka mingapi, aliugua mara ngapi, na alitibiwa wapi. Huo umri wa kugundulika ni muhimu kuliko umri wa kufa, watu huwa wanavichanganya sana hivi viwili.

Hapa kwenye kuuliza ndo pana kazi. Ukimuuliza mama mkubwa "babu alikufa na nini?" atakwambia "tumbo". Au atasema alirogwa, au alikua na vidonda, au atanyamaza. Usibishane nae na usimkatishe, kaa nae, muulize mambo yanayoonekana kwa macho: alikua anapata choo chenye damu? Alikonda ghafla? Alifanyiwa operesheni ya tumbo? Alitoka hospitali na ule mfuko wa choo umewekwa tumboni? Tumbo lilijaa akashindwa kupata choo kabisa? Nani alikua anamuuguza, yupo hai tumpigie? Wakati huo mama alikua darasa la ngapi, alishaolewa? Hilo swali la mwisho linakusaidia kukadiria umri wa babu hata kama hakuna anayekumbuka mwaka. Mtu mmoja aliyewahi kubadilisha huo mfuko wa choo anakumbuka kuliko vyeti vyote.

Kwa akina mama uliza kwa uangalifu zaidi. Ukiambiwa "kansa ya kizazi" usiandike hivyo ukaishia hapo, kwa sababu kansa ya shingo ya kizazi ni nyingine (hiyo inaletwa na kirusi cha HPV) na kansa ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ni nyingine, na hii ya pili ndo inaenda pamoja na kansa ya utumbo mpana kwenye koo nyingi. Uliza: alianza kutokwa damu baada ya kukoma hedhi? Alitolewa kizazi chote? Kama kuna ripoti, angalia ripoti inasema nini.

Kuna kisa nakipenda kwenye historia ya hii kitu. Mwaka 1895 huko Ann Arbor, Michigan, mshonaji mmoja wa nguo alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba anajua atakufa mapema, kwa kansa ya tumbo au ya kizazi, kwa sababu ndivyo wanavyokufa watu wa kwao. Warthin hakumpuuza, akaanza kuandika ukoo wake mtu kwa mtu, akachapisha 1913. Yule mama kweli alifariki kwa kansa ya mji wa mimba. Miaka ya 1960 daktari Henry Lynch akaja kufanya kazi hiyohiyo kwa koo nyingine, na jeni yenyewe ya kwanza ya ugonjwa huu, ambao siku hizi unaitwa Lynch, yaani MSH2, ikapatikana 1993. Yaani ukoo ulikua unajua karibu miaka mia moja kabla ya maabara. Kwaiyo mtu akikwambia haya maongezi na wazee ni umbea, mwache aseme, wewe endelea kuandika.

Hatua ya pili: iangalie karatasi kwa jicho la daktari

Ukimaliza kuandika, tafuta dalili hizi. Mtu yeyote aliyepata kansa ya utumbo mpana au ya mji wa mimba chini ya miaka 50. Mtu mmoja aliyepata kansa mbili tofauti, mfano utumbo alafu kizazi, au utumbo mara mbili sehemu tofauti. Ndugu watatu wa upande mmoja wenye kansa za kundi hili, yaani utumbo mpana, mji wa mimba, ovari, tumbo la chakula, utumbo mwembamba, mirija ya mkojo inayotoka kwenye figo. Mtu aliyekutwa na polipu (vile vinyama vinavyoota ndani ya utumbo) kumi au zaidi kwa jumla. Mtoto au kijana mwenye madoadoa meusi kwenye midomo na ndani ya mashavu, hayo yanaweza kuwa ya Peutz-Jeghers, ugonjwa mwingine wa kurithi unaoleta polipu.

Madaktari wana kanuni ya zamani iliyowekwa Amsterdam, wanaisema kwa namba 3-2-1: watu watatu, vizazi viwili, na angalau mmoja awe aliugua kabla ya miaka 50, alafu mmoja kati ya hao watatu awe mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa wale wengine wawili. Ni nzuri kukumbuka ila usiitegemee peke yake, inawaacha wengi nje, hasa familia ndogo, au ambazo watu walifariki mapema kwa mambo mengine, au ambazo hakuna aliyewahi kupimwa.

Kama hauna dalili hata moja ila una mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, bado haupo sawa na watu wengine, hatari yako ni kama mara mbili. Miongozo mingi inasema uanze kolonoskopi (kipimo cha mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia ndani ya utumbo mpana) ukifika 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yako aligundulika, kinachotangulia. Dada yako aligundulika na 45? Wewe unaanza 35. Kwa wengi wa kundi hili mambo ya kupima jeni hayahitajiki, kolonoskopi tu kwa wakati, basi.

Magonjwa yenyewe kwa ufupi, ili ukiyasikia kliniki usipotee

Linaloongoza ni ugonjwa wa Lynch. Inakadiriwa kama mtu mmoja kati ya 300 anao na wengi wao hawajui kabisa. Mwili ukiwa unatengeneza seli mpya unanakili DNA, na kwenye kunakili makosa hutokea, sasa kuna jeni ambazo kazi yake ni kama ya mhariri anayepitia andiko na kusahihisha. MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 ndo hao wahariri (kuna na EPCAM ambayo ikiharibika inaizima MSH2). Aliyezaliwa na nakala moja mbovu anabaki na moja nzima, siku hiyo nayo ikiharibika kwenye seli moja ya utumbo, makosa yanarundikana haraka na polipu inageuka kansa kwa muda mfupi kuliko kawaida. Hatari inategemea jeni gani: wenye MLH1 na MSH2 karibu nusu yao wanaweza kupata kansa ya utumbo mpana maishani bila uangalizi, PMS2 iko chini sana kulinganisha na hizo. Mtu wa kawaida ni kama 4 kati ya 100.

Linalofuata ni FAP, jeni yake APC, iligundulika 1991. Hii ni nadra, kama mtu mmoja kati ya 10,000, lakini ni kali: polipu zinaanza ujanani na zinafika mamia mpaka maelfu, na bila kutolewa utumbo karibu kila mwenye nayo anapata kansa, wengi kabla ya kufika 40 au wakiwa hapohapo. Alafu shika hili, kama robo ya wenye FAP hawana mzazi mgonjwa, kasoro imeanza kwao wenyewe, kwaiyo ukoo msafi haumtoi mtu kwenye hesabu kama ana polipu mia.

La mwisho nitalolitaja ni la MUTYH, hili linahitaji nakala mbovu kutoka kwa baba NA kwa mama. Wazazi wanakua wazima, watoto wawili watatu wa nyumba moja wanaugua. Ukiona hivyo, usiseme imeruka kizazi, sema tuwapime ndugu wote wa tumbo hilo, maana kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4.

Lynch na FAP ni tofauti, zinatosha kwa nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Na jeni hizi haziruki kizazi. Kinachotokea ni kwamba mzazi anaweza kuwa nayo asiugue, au afariki kwa ajali kabla ya kuugua, alafu mtoto akaugua. Na kama hukuirithi, hauwezi kuipitisha kwa wanao, inakua imeishia kwako.

Hatua ya tatu: fuata ripoti ya uvimbe

Hapa ndo watu wengi wanaruka na ndo penye majibu ya bure kabisa wakati mwingine. Aliyefanyiwa operesheni au baiopsi (kukatwa kipande kidogo cha kupima) ana ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara iliyoupima uvimbe. Ombeni nakala, mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuiomba, na kama amefariki muulizeni daktari utaratibu wa ndugu kuipata. Ikifika mkononi usisome yote, tafuta herufi hizi: MMR (ndo kazi ya wale wahariri wa DNA) na MSI (alama kwenye uvimbe kwamba wahariri hao hawafanyi kazi). Kama zipo, kipimo kilifanyika. Maabara wanachukua kipande chembamba cha uvimbe wanakipaka dawa za rangi kuona kama zile protini nne zipo, mstari mmoja kwa kila protini, MLH1, MSH2, MSH6, PMS2, na mbele yake kumeandikwa ipo au imepotea.

Zote nne zipo? Lynch inakua haielekei kwa huyo mtu, ingawa haijafutika asilimia mia, na FAP hazihusiani na kipimo hiki. MSH2 na MSH6 zimepotea pamoja? Msilichukulie poa, hiyo inaelekeza kwenye Lynch kwa nguvu. MLH1 na PMS2 zimepotea pamoja? Tulieni kwanza, hasa kama mgonjwa ni mtu mzima wa miaka 70, kwa sababu mara nyingi hiyo inatokea uzeeni bila kurithi. Wanaongeza kipimo cha BRAF (jeni nyingine, inaangaliwa kwenye uvimbe) au cha kuangalia kama MLH1 imezimwa kwenye uvimbe tu, na hivyo ndo vinatenganisha. Kansa za utumbo mpana kama 15 kati ya 100 zina hali hii ya MSI na nyingi kati ya hizo sio za kurithi.

Kama ripoti haina herufi hizo, muulize daktari kama kipande cha uvimbe bado kimehifadhiwa. Maabara nyingi zinatunza vile vipande kwenye nta kwa miaka mingi na vinaweza kupimwa hata kama mwenyewe hayupo tena. Na kama mgonjwa bado anatibiwa, hiki kipimo kinamsaidia yeye kwanza kabla ya ukoo: uvimbe wenye MSI ya juu unaitikia vizuri dawa za kuamsha kinga ya mwili, Marekani ilipitisha pembrolizumab kwa uvimbe wa namna hii mwaka 2017. Kwaiyo kulipigania sio kumsumbua mgonjwa.

Hatua ya nne: damu ya aliyeumwa, sio yako

Mtu wa kwanza kutoa damu (au mate) kwa ajili ya jeni awe yule aliyeugua, na kama ni wengi awe aliyeugua akiwa mdogo kuliko wote. Sababu ni hii. Ukipimwa wewe mzima na jibu likaja "hakuna kitu", kuna maana mbili na huwezi kuzitofautisha: labda ukoo una jeni mbovu na wewe hukuirithi, au labda ukoo una jeni ambayo kipimo hakikuiona kabisa. Ila akipimwa mgonjwa ikaonekana kasoro yake hasa, mahali pake hasa, basi nyinyi wengine mnaenda kuangalia hapo tu, ipo au haipo, na jibu la haipo linakua la kweli kabisa.

Kama wagonjwa wote wameshafariki na hakuna kipande cha uvimbe, basi mzima anaweza kupimwa, mnaanza na aliye karibu zaidi na marehemu, huku mkijua kwamba jibu safi halifuti historia ya ukoo.

Vipimo vya mate vya kuagiza mtandaoni mi siwashauri kwa kazi hii. Vingi vinaangalia sehemu chache tu za jeni chache, ni kama hamna kitu kwa familia yenye historia. Omba kipimo cha kliniki kinachosoma jeni zote za kansa ya utumbo kwa pamoja, na kabla ya kutoa damu ongea na mshauri wa mambo ya jeni au daktari anayezijua. Nenda na ile karatasi yako ya ukoo, itakuokolea muda mwingi. Uliza pia mambo ya bima kabla, kwa sababu sheria zinatofautiana kila nchi, mfano Marekani sheria yao ya 2008 inakulinda kwenye bima ya afya na kazini lakini haigusi bima ya maisha.

Hatua ya tano: kusoma jibu

Majibu yanakuja ya aina tatu. Aina ya kwanza, imeonekana kasoro inayojulikana kuleta ugonjwa. Hiyo haina maana una kansa, ina maana unaingia kwenye ratiba ya uangalizi, na ukoo una kitu cha kutafuta. Aina ya pili, haijaonekana. Kama ndugu yako mgonjwa alishaonekana nayo na wewe huna, uko kama watu wengine wote, unaweza kuachana na kolonoskopi za kila mara. Kama hakuna aliyewahi kuonekana nayo kwenye ukoo, jibu halijakwambia mengi na unaendelea kufuata umri wa ndugu yako aliyeugua kama nilivyosema juu.

Aina ya tatu ndo inawasumbua watu, wanakwambia wameona badiliko lakini maana yake haijajulikana. Hili nataka ulishike: badiliko la namna hii mpaka lifafanuliwe linahesabiwa kama halipo. Hakuna kukata utumbo, hakuna kutoa kizazi, hakuna kupima watoto kwa sababu yake. Unafuata historia ya ukoo tu. Mengi yakija kufafanuliwa baadaye yanaonekana hayana madhara. Na kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia majibu ya namna hii yanakuja mara nyingi zaidi, kwa sababu kumbukumbu ambazo maabara zinalinganishia zimejaa zaidi watu wa asili ya Ulaya, kwaiyo ukilipata usidhani mwili wako una shida ya ajabu.

Hatua ya sita: ukoo uambiwe

Hii ngumu kuliko zote, naelewa. Kuna aibu, kuna hofu ya wachumba kukimbia, kuna shemeji atakayesema "sasa mmeanza kutuletea laana". Lakini jeni ikijulikana alafu ikakaa kwa mtu mmoja, wengine wanaendelea kufa na jibu lipo kabatini, na hilo linaniuma kila nikilifikiria. Omba kliniki wakuandikie barua ya familia, inakua na jina la jeni na badiliko lenyewe lilivyoandikwa kwa herufi na namba, ipige picha, watumie ndugu. Msitoe maelezo kwa kumbukumbu ya kichwa, "ni ile MSH sijui ngapi" haimsaidii mtu maabara, wanahitaji badiliko lenyewe.

Usitupie tu kwenye group la WhatsApp la ukoo siku ya msiba ukaondoka. Anza na ndugu wa tumbo moja na wazazi, mmoja mmoja, kwa simu au uso kwa uso, waombe wao waendelee kwa watoto wao. Unaweza kusema hivi: "Mjomba, shikamoo. Kuna jambo la afya la kwetu nimelipata hospitali, linahusu na wewe na wanao. Sio kwamba mnaumwa. Kuna kipimo cha damu cha kuangalia, na kama lipo kuna namna ya kuzuia." Hapo umemaliza, mengine aulize mwenyewe. Asiyetaka kujua mwachie barua, usimlazimishe, wengine wanarudi baada ya miezi.

Watoto: Lynch kwa kawaida inasubiriwa mpaka mtu awe mtu mzima aamue mwenyewe, kwa sababu uangalizi wake hauanzi utotoni. FAP inapimwa mapema, kama miaka 10 hivi, maana uangalizi unaanza hapo. Na kama mnaoana ndugu kwa ndugu, mfano watoto wa mjomba na shangazi, na Lynch ipo kwenye ukoo huo, pimeni wote wawili kabla ya kuzaa, mtoto akirithi nakala mbovu ya jeni ileile pande zote mbili anapata ugonjwa mkali wa kansa za utotoni.

Hatua ya saba: kolonoskopi iwe kwenye kalenda

Faida ya yote haya iko hapa. Kansa ya utumbo mpana karibu siku zote inapitia kwenye polipu, na polipu ikionekana inakatwa palepale mrija ukiwa bado ndani. Finland waliwafuatilia watu wa koo za Lynch kwa miaka 15, waliokua wanafanyiwa uchunguzi kila miaka mitatu kansa zilipungua kwa zaidi ya nusu, na siku hizi muda umefupishwa zaidi. Kwa MLH1 na MSH2 miongozo mingi inaanza kati ya miaka 20 na 25, kwa MSH6 na PMS2 kati ya 30 na 35, kurudia kila mwaka mmoja au miwili (kwa PMS2 na MSH6 wengine wanaruhusu mpaka mitatu). Kama kuna ndugu aliyeugua mdogo sana, daktari anarudisha nyuma zaidi. FAP inaanza miaka 10 hadi 12, na wengi wanafanyiwa operesheni ya kutoa utumbo mpana mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini mwanzoni, alafu wanaendelea kuchunguzwa sehemu iliyobaki na utumbo mwembamba wa juu. Kile kipimo cha kinyesi cha kutafuta damu hakitoshi kwa wenye jeni hizi, usikubali kubadilishiwa.

Maandalizi ndo watu wanayaharibu. Siku ya kabla unakunywa vitu vya maji vinavyopitisha mwanga tu na ile dawa ya kusafisha, ni nyingi na ladha yake sio nzuri, iweke kwenye friji, kunywa kidogokidogo na mrija, usilale mbali na choo. Nusu ya dawa kwa kawaida inabaki ya asubuhi ya siku yenyewe, usiiruke. Unajua umesafika pale choo kinapotoka kama mkojo, njano na kinapitisha mwanga bila vipande. Kikiwa bado cha kahawia au kina ukungu, piga simu uwaambie kabla ya kwenda, kwa sababu polipu za Lynch nyingine ni bapa, zimelala kwenye ukuta, zinajificha chini ya uchafu mdogo tu. Ukimaliza omba ripoti iandikwe usafi ulikua wa kiwango gani na kama mrija ulifika mwanzo wa utumbo mpana, maana kansa za Lynch nyingi zinakaa upande huo wa kulia. Na tarehe ya nyingine uichukue kabla hujatoka getini.

Mambo mengine ya kuongea na daktari

Wanawake wenye Lynch: damu yoyote isiyo ya kawaida, hasa baada ya kukoma hedhi, inaangaliwa haraka, na ukishamaliza kuzaa ulizia kutolewa mji wa mimba na ovari, umri unategemea jeni ipi. Huo ni uamuzi wako wewe na sio wa mume wala mama mkwe.

Aspirini: kwenye utafiti wa CAPP2 ulioongozwa na profesa John Burn wa Uingereza, watu 861 wenye Lynch, waliomeza miligramu 600 kila siku kwa angalau miaka miwili walipata kansa ya utumbo mpana kidogo kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa ndani, na kinga ikadumu miaka mingi. Hiyo dozi ni kubwa, inaweza kuvujisha damu tumboni, kwaiyo usianze mwenyewe, hasa mwenye vidonda vya tumbo, figo au pumu. Sigara acha. Unene nao unaongeza hatari kwa wenye Lynch.

Na ukiwa unasubiri vipimo hivi, usisubiri na dalili. Damu kwenye choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, kupungukiwa damu kusikoeleweka, hizo zinaenda hospitali wiki hiyohiyo hata kama una miaka 24, na ukiambiwa ni bawasiri bila kuangaliwa ndani, mwambie daktari wazi: kwetu kuna kansa ya utumbo, naomba nichunguzwe. Mpe karatasi ya ukoo aione.

Karatasi hiyo itunze na ripoti zote kwenye faili moja, piga picha uweke kwenye simu na kwa ndugu mmoja unayemuamini. Kila mwaka ongeza aliyeugua na aliyezaliwa. Wale mliopewa jibu la badiliko lisilojulikana, rudini kliniki kila baada ya miaka miwili mitatu muulize kama limeshafafanuliwa, maana maabara wanabadilisha uamuzi na sio kila mara wanakupigia simu.